Fundi Aliyetaja Watu Redioni

Asteria hakuwahi kukaa akatulia. Hata akiwa kwenye cherehani, mguu mmoja unakanyaga na wa pili unatikisika bure. Mdomo umejaa pini, na juu ya pini hizo hizo anaongea. Nilimwambia siku moja atazimeza. Akanijibu kwamba zinamjua. Mimi nilikuwa na meko yangu ya chai na maandazi upande wa pili wa barabara, hapo hapo Segese, na kutwa nzima macho yangu yalikuwa kwake. Nasema kweli, kumtazama yule mwanamke kulinichosha kuliko kukanda unga.

Alishonea barazani kwa Jashvant. Jashvant alikuwa Mhindi aliyezaliwa Shinyanga mjini, na Kisukuma alikisema vizuri kuliko mwanangu Stanslaus, ambaye shule ilimharibu. Alikuwa na duka la vitambaa, na utaratibu wake ulijulikana: mteja anaingia ndani, anachagua kitambaa, anakatiwa, anatoka nacho nje, na hapo hapo barazani anapimwa. Fundi halipi pango. Anachotakiwa ni kuvuta watu, ili vitambaa vitoke rafuni. Vikitoka, anakaa. Visipotoka, anatafuta baraza jingine, na Segese ya wakati ule ilikuwa na baraza moja tu la maana.

Na Asteria alilihitaji lile baraza kama mgonjwa anavyohitaji maji. Aliachika Runzewe akiwa na binti mmoja, Kabula, na cherehani moja ya kukanyaga, na aliapa kwamba kati ya hivyo viwili hakuna kitakachorudi kwa kaka yake. Kaka mwenyewe alikwisha kumwandalia mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na meno machache.

Basi, mwanzo wa msimu wa pamba akaja Cornel. Alitoka Tabora, shati limenyooshwa mpaka lakwaruza, na cherehani yake ilikuwa na mshono wa zigizaga. Watu waliacha kununua maandazi yangu wakaenda kutazama zigizaga. Jashvant akampa nafasi upande wa kivuli, na asubuhi iliyofuata akamwita Asteria.

"Mama Kabula," alisema, "baraza ni dogo. Nitakaa nanyi wote wawili mpaka msimu uishe. Baada ya hapo nabaki na yule anayeniuzia vitambaa zaidi. Usinikasirikie, mimi nina watoto."

"Na mimi nina paka, Bwana Jashvant?"

"Unaye Kabula. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Alikuja kwangu na hasira zake, akanywa chai yangu bila kuketi, akarudi, akaja tena. Kuanzia siku hiyo ikawa vita. Asteria akawa anaita wapita njia mpaka sauti inakauka: karibu baba, suruali ya malinda, pindo halifumuki, njoo upimwe bure! Cornel hakufungua mdomo. Alikuwa akitabasamu tu, na siku moja akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwangu, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Na kweli alikuwa akijiuza. Wenye pesa za pamba walipita mbele ya Asteria anayepiga kelele wakaenda kwa yule anayenyamaza.

Siku hizi mtu akishona gauni analipiga picha, anaitupa kwenye simu, na chai haijapoa wamekwisha kuiona mpaka Sengerema. Sisi tulikuwa na kadi za salamu. Kijana wa leo hazijui, kwa hiyo ngoja nieleze. Ni kadi ndogo, ziliuzwa hapo kwa Jashvant karibu na betri. Unaandika jina lako na mahali ulipo, unaandika majina ya unaowasalimu, unataja wimbo, unaitupa posta. Jumapili mchana, wiki mbili tatu baadaye, ukiwa na bahati, mtangazaji anaisoma, na nchi nzima inasikia kwamba upo. Redio yangu ilikuwa ya betri sita na sauti yake ilivuka barabara. Jumapili watu walikuja kwangu kwa redio, maandazi yakafuata.

Jumapili moja Asteria alisimama mbele ya meko yangu, kichwa upande, akisikiliza. Walikuwa wakisoma kadi za wale watu waliojibandika majina ya fahari, yule wa Kilosa na yule wa Newala, ambao nchi nzima tuliwajua bila kuwahi kuwaona.

"Mama Stanslaus," akaniuliza, "yule wa Newala anafanya kazi gani?"

"Nitajuaje?"

"Unajua jina lake, hujui kazi yake. Mjinga yule! Mimi ningekuwa na jina kama lile, ungejua mpaka ninashonea wapi."

Matangazo ya biashara redioni yalikuwa na bei, na bei hiyo haikuwa yetu. Lakini salamu hazikuwa na bei zaidi ya ile ya kadi, na jina la mtu ni la mtu. Akanunua kadi, akakaa kwenye benchi langu, na kwenye nafasi ya jina akaandika: Asteria Pindo Halifumuki wa Barazani kwa Jashvant, Segese.

"Hilo ni jina au ni bango?" nikamuuliza.

"Wewe subiri."

Yeye mwenyewe ndiye hakuweza kusubiri. Kila Jumapili alivuka barabara kabla kipindi hakijaanza, akainamia redio, akarudi kwa mteja, akavuka tena, sindano kifuani na futi shingoni. Mteja mmoja alipimwa mkono wa kushoto mara tatu na wa kulia hakupimwa kabisa. Hatimaye wakalisoma jina lake. Mtangazaji akalitamka lote, pindo na baraza na Jashvant, akacheka kidogo, akasema hakika huyo ni fundi. Asteria alipiga kigelegele mpaka ng'ombe waliokuwa wakipita wakatawanyika. Ndani ya duka Jashvant aliposikia jina lake redioni alitoka nje na gazi yake ya kupimia vitambaa mkononi, akatazama juu, angani, sijui alidhani sauti ilitokea huko.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwa sababu kwenye kadi lazima umsalimie mtu, na Asteria alikuwa amewasalimia wateja wake wawili, wachimbaji wa dhahabu. Wale wawili walirudi machimboni wakitembea kama wenyeviti. Mchimbaji akishakuwa chini, ndani ya duara lake, yaani shimo la dhahabu, hakuna anayejua kama yu hai. Sasa nchi nzima imeambiwa yupo na ana suruali mpya. Wiki iliyofuata walikuja wengine. Wakaja wengi. Walinunua kitambaa ndani, wakatoka, na kabla ya kupimwa kiuno wakasema, "Na kadi, fundi. Usinisahau kwenye kadi."

"Jina?"

"Chuma."

"Redio haisomi majina ya porini. Jina alilokupa baba yako, na kwenu."

Maana machimboni kila mtu aliacha jina lake njiani. Palikuwa na Chuma, palikuwa na Saa Mbovu, palikuwa na mmoja aliyeitwa Bado Kidogo. Wakayataja majina yao ya kweli wakiona haya kidogo, kama watu wanaovuliwa shati, naye akayaandika. Rafu za Jashvant zikaanza kuonyesha mbao. Cornel akaacha kutabasamu.

Aliyekuja na neema yote alikuwa Kombora. Kombora alikuwa mwenye duara, mtu mkubwa, ndevu mpaka kifuani, na watu waliomchimbia walimwogopa. Alisimama barazani akasema anataka duara zima lishonewe sare, suruali za kaki na mashati ya buluu, ili watu wake wakipita wajulikane. Kitambaa cha kazi ile kingemaliza kaki yote dukani. Jashvant alimpa kiti. Asteria alimpima Kombora mwenyewe kwanza, na alipomuuliza jina la kadi, yule bwana akasita. Alitazama chini. Kisha tamaa ya sifa ikamshinda, akalitaja kwa sauti ndogo: Mabula, wa Tinde. Siku ile ile Asteria alimpa dereva wa lori kadi akaitumbukize posta Kahama, imejaa majina mbele na nyuma, na la Mabula likiwemo. Akavuka kuja kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaketi.

"Baraza ni langu," alisema. "Sare zile zikiisha, Cornel akatafute kivuli Tabora."

Hakuketi sana. Ijumaa iliyofuata lori lilimshusha mwanamke na watoto watatu mbele ya duka. Alikuwa mke wa Thobias, mchimbaji aliyetajwa kwenye kadi ya pili, iliyosomwa Jumapili iliyotangulia. Alikuwa hajamwona mumewe miaka, wala senti. Aliposikia redio ikisema Thobias yuko Segese barazani kwa Jashvant na ana suti, hakuuliza mtu njia; alikwisha kuambiwa. Akakaa kwenye benchi la wateja, watoto kwa mstari. Na Thobias, maskini, akaja siku hiyo hiyo kujaribu suti. Alikuwa ndani ya suruali iliyoshikizwa kwa pini kila mahali alipogeuka akamwona mkewe. Angekimbia. Lakini mwanamume aliyevaa pini arobaini hakimbii.

"Hujambo, Baba Joji," mkewe alisema. "Tumesikia umependeza."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Machimboni hawakucheka. Kesho yake walianza kuja, mmoja mmoja, kofia zimevutwa machoni, wakiuliza swali moja: fundi, nimo kwenye kadi? Huyu aliacha mke Bariadi. Huyu alikimbia mahakama. Huyu hakufanya lolote, ila ndugu zake wakijua amepata, watakuja kumla mpaka mifupa. Walitaka kutajwa, jamani, hawakutaka kupatikana! Asteria alipanda lori la pamba mpaka Kahama kuidai kadi yake. Karani wa posta alimwambia kwa upole kwamba kitu kikishapigwa muhuri hakirudi kwa mwenyewe, na hata kingerudi, mfuko umekwisha kuondoka. Alirudi amejaa vumbi, amekasirika, akimkasirikia karani, redio, Thobias, na mimi niliyemuuliza kama amekula.

Wateja wakakatika. Walibaki wale tu ambao nguo zao zilikuwa nusu. Kombora alikuja mwenyewe, akasimama juu ya cherehani.

"Endelea kushona," alimwambia. "Neno langu ni neno langu. Lakini jina langu likijulikana, kwa redio au kwa mdomo wa mtu, shati hata moja silichukui. Nimeeleweka, fundi?"

"Umeeleweka, kaka."

Jashvant alikuwa mlangoni akisikiliza. Kaki yake yote ilikuwa imekatwa. Cornel alisogeza kiti chake kidogo upande wa Asteria, kupima nafasi.

Habari ya Thobias ilisafiri na malori. Ikafika Isaka, ikafika Tinde, ikapanda mpaka Shinyanga: huko Segese kuna fundi anayetaja watu redioni. Wanawake wakaanza kuja. Mmoja, wawili, kisha benchi la wateja likajaa wake na mama wenye vifurushi, waliotaka kuwapo Jumapili kadi mpya itakaposomwa. Hawakununua kitambaa. Walikunywa chai yangu, hilo siwezi kukataa.

Kati yao alikuja bibi mmoja mwembamba, macho yake yana ukungu, akipapasa ukuta wa duka mpaka akaipata cherehani. Asteria alimwamkia kwa Kisukuma, kama mama, bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wanawane. Wewe ndiye fundi wa redio? Mimi naitwa Mbuke, nimetoka Tinde. Namtafuta mwanangu. Anaitwa Mabula."

Niliona kutoka upande wangu wa barabara. Miguu yote miwili ya Asteria ilisimama.

Bibi Mbuke alieleza polepole, na mimi nilivuka na birika ili nisikie. Mwanawe alipeleka ng'ombe mnadani, ng'ombe wa mahari ya mdogo wake. Hakurudi, yeye wala ng'ombe wala fedha. Walimtafuta porini. Mwishowe baba yake akasema mtoto ameuawa na wezi njiani, wakamlilia, wakanyoa nywele. Baba naye amekwisha kufa.

"Mimi sikuridhika," alisema. "Sikuona mwili. Watu wananiambia, mama Mabula, tulia. Kama yu hai, basi ng'ombe aliwaiba yeye. Unataka mwana mwizi? Nawaambia, nipeni huyo huyo mwizi."

Asteria alifungua mdomo. Pini ikaanguka. Akaufunga. Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti isiyokuwa yake, "Subiri Jumapili, mayu. Redio itasema."

Jioni alinijia akaniambia kila kitu. Kombora ni nani, na aliandika nini. Alikuwa akizunguka meko yangu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Nyamaza," nilimwambia. "Shona sare, pokea haki yako, baraza liwe lako. Halafu mwambie bibi."

"Akiondoka kabla?"

"Hataondoka. Ana mahali pa kwenda?"

"Redio itasema yenyewe," akasema. "Ikimtaja, nimepoteza sare, basi. Lakini sitakuwa mimi niliyesema."

Alikuwa amefika mahali pabaya, na mimi namjua: mtu asiyeweza kusubiri uji upoe, sasa alitaka kungoja redio imfanyie kazi yake. Nilimkasirikia, na hata sasa sijui nilimkasirikia kwa lipi, kwa kutaka kusema au kwa kutosema.

Alimchukua Bibi Mbuke akamlaza chumbani kwake na Kabula. Mchana bibi hakukubali kukaa bure. Alitaka kazi, na kazi ambayo macho mabovu yanaweza ni kuchomoa nyuzi. Kwa hiyo alikaa chini karibu na cherehani, akapokea kila shati la buluu lililoisha, akalipapasa mishono yote kwa vidole, akachomoa nyuzi za kushikizia, akalikunja. Alikunja sare za duara la mwanawe mwenyewe, hajui. Lilipofika lile shati kubwa kuliko yote, alilitandaza mapajani, akapima mabega yake kwa shubiri, akacheka.

"Huyu mama yake alimlisha," alisema.

Asteria aliinuka akaenda nyuma ya duka. Alikaa huko mpaka Jashvant akatuma mtu kumwita.

Jumapili ikafika. Sijawahi kuwa na watu wengi vile na sikuuza kitu. Nilibeba redio nikaiweka juu ya kidirisha cha duka ili wote wasikie. Wanawake walikaa barazani. Wachimbaji walisimama barabarani, kundi kubwa, wamejikunyata na jua lile; hakuna aliyeweza kukaa machimboni bila kujua hatima yake. Kombora naye alikuja. Alikuwa amechukua shati lake mapema asubuhi, akalivaa, kisha akamwona aliyeketi karibu na cherehani. Nilimwona alivyomtambua. Hakwenda kwake, wala hakuondoka. Alijificha nyuma ya nguzo ya baraza, hatua chache tu kutoka kwa mama yake, akabaki hapo.

Zikasomwa kadi za Kilosa, za Newala, za Mpwapwa. Asteria alikaa, akasimama, akafuta cherehani iliyokuwa safi. Halafu mtangazaji akasema, "Na sasa tunaye tena rafiki yetu Asteria Pindo Halifumuki wa Barazani kwa Jashvant, Segese." Wachimbaji wakavuta kofia machoni. "Yeye anawasalimu Mama Stanslaus muuza chai, Bwana Jashvant mwenye duka, pamoja na wengine wengi ambao kwa ufinyu wa muda hatutaweza kuwataja wote. Ujumbe wake anasema, biashara ni matangazo." Wimbo ukaanza.

Wanaume walilipuka. Walikumbatiana, kofia zikaruka, mmoja akacheza katikati ya barabara. Bado Kidogo alinibusu mkono, mimi ambaye sikuwa na lolote katika jambo hilo. Jashvant alishusha pumzi ndefu mlangoni na kumtazama Asteria kwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua, uso mzuri. Sare zilikuwa zimekunjwa pale, zimeisha. Baraza lilikuwa lake. Nilitaka kumpigia kigelegele, na kingetoka, kama nisingetazama benchi.

Wanawake hawakusogea. Walikuwa bado wanaitazama redio, kana kwamba wimbo ukiisha mtangazaji ataendelea. Bibi Mbuke aligeuza uso kuelekea alipodhani Asteria yupo.

"Fundi," alisema, "wametaja watu wawili tu. Mwanangu alikuwa kwenye hao wengine?"

Nyuma ya nguzo, Kombora alitikisa kichwa. Alimtazama Asteria, akatikisa kichwa polepole, hapana.

Asteria alizima redio yangu. Aliizima kwa nguvu, kitufe kikamkatikia mkononi.

"Alikuwemo, mayu," alisema. "Nilimwandika mimi. Mabula wa Tinde. Yuko nyuma yako kwenye nguzo, amevaa lile shati kubwa."

Kelele zilikatika barabara nzima. Bibi hakupiga ukelele wala hakukimbia. Aligeuka, akanyoosha mkono, akatembea akiupapasa upepo, na Kombora akabaki amesimama kama aliyepigiliwa, mpaka vidole vya mama yake vikalifikia shati. Vikapanda mshono wa bega. Vikashika ndevu. Vikatulia hapo. Sote tulingoja alie, au ampige kofi. Alisema hivi tu, kwa ukali, kama mama yeyote mbele ya wageni:

"Hunisalimu?"

Na yule mtu, ambaye duara zima lilimwogopa, akapiga magoti juu ya saruji ya Jashvant.

"Shikamoo, mayu."

Hakumwitikia upesi. Alimshika ndevu, akamwacha hapo magotini, na sisi wote tukimngoja. "Marahaba," akasema mwishowe. "Marahaba, Mabula." Ndipo alipolia.

Wachimbaji wakaanza kuingia barazani. Hawakutukana. Walipita kando ya Asteria, wakachomoa vitambaa vyao kwenye rundo lake, kila mmoja chake, vilivyokatwa na visivyokatwa, wakavipeleka upande wa kivuli wakavitupa kwa Cornel. Jashvant alitazama mpaka rundo likaisha, akaingia ndani. Sote tulijua maana yake, na Jumatatu yake ikawa hivyo: baraza likabaki kwa Cornel. Mimi nilikuwa nimeshika redio yangu iliyokatika kitufe, nataka kumgombeza, nataka kulia, nasema moyoni, mwanamke wewe, sasa Kabula atakula nini?

Asteria alikuwa ameanza kufunga cherehani kwa kamba. Kwenye benchi mwanamke mwingine akasimama, kijana, ana mtoto mgongoni. Aliuliza kwa aibu, akiwatazama wanaume waliokuwa wakiondoka kwa haraka.

"Na Mwigulu, dada? Mwigulu wa Bariadi hukumwandika?"

Asteria aliiacha kamba. Akavua futi shingoni, akaiweka juu ya cherehani, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili.

"Kaeni," aliwaambia. "Nitayataja yote."